Katika Chumba Hiki Hatupigi Goti

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wazima kupiga picha za mifupa ya watu wengine. Niliifanya Tororo, miaka ya utawala wa jeshi, katika hospitali ambayo sitaitaja jina. Majengo hayana kosa.

Nilizaliwa mjini humo, katika mtaa wa Waislamu, ambako jirani mmoja ni Mnubi, wa pili ni Msamia aliyesilimu, na wa tatu babu yake alitoka pwani na mizigo ya watu kichwani. Baba yangu aliendesha lori la pamba. Nyumbani tulisema Kiswahili, na kwa sababu hiyo wakubwa wa hospitali waliniona nafaa kusema na kila mgonjwa: Mpadhola wa Paya, Mteso wa Mukuju, Msamia wa Masafu, na askari wa popote. Nilianza kwa kuita majina ya wagonjwa mlangoni pa chumba cha eksirei. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa ndani ya chumba.

Aliyenifundisha alikuwa Mhindi mfupi mwenye hasira za asubuhi, ambazo ziliisha saa nne akinywa chai. Watu wake walipopewa siku za kuondoka nchini, yeye alikuja kazini hadi siku ya mwisho. Akanikabidhi vitu vitatu: ufunguo wa chumba cha giza, kipimajoto cha dawa za kuoshea picha, na jozi ya herufi. Herufi hizo, L ya kushoto na R ya kulia, zilikuwa za risasi, yaani yale madini mazito, si zile za bunduki. Unabandika moja juu ya kaseti yenye filamu, upande unaohusika. Mionzi haipiti hapo, na herufi inatokea nyeupe pembeni mwa picha. Bila hiyo huna kitu. Filamu unaweza kuitazama kwa mbele au kwa nyuma, na mwili wa binadamu, hasa nyonga, haukuambii umeushika vipi.

"Picha isiyo na herufi usimpe daktari," alisema. "Ikate."

Kisha akaniambia kwamba chai yangu ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, akaingia katika gari la shemeji yake. Sikumwona tena.

Nilibaki na mashine. Baada ya miezi kadhaa wizara ikaniletea wanafunzi wanne na barua iliyoniita mwalimu. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kufundisha. Nilinunua chaki.

Wanafunzi wanne kwa jozi moja ya herufi ni ugomvi wa kila siku. Haikupita muda R ikadondoka kwenye shimo la maji machafu na haikupatikana. L niliiokoa, nikaitundika kwenye msumari ndani ya chumba cha giza, na nikaamua kwamba tutasubu herufi zetu wenyewe. Kwenye gereji aliyokuwa akitengenezea lori baba yangu, nilipata betri zilizokufa. Tulizipasua, tukayeyusha madini yake katika sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, na kuyamimina kwenye kalibu za udongo wa kichuguu. Lilikuwa somo langu zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, na halikuwamo kwenye mtaala.

Nilitaka kila mwanafunzi awe na jozi yake yenye herufi ya kwanza ya jina lake, ili picha mbaya iwe na mwenyewe. Hapo tukakwama. Wapadhola huwapa watoto wa kiume majina yanayoanza na O, na wa kike A. Wanafunzi wangu wawili walikuwa O, wa tatu alikuwa Mteso lakini naye O, na wa nne, mwanamke pekee, alikuwa A. Tungekuwa na picha za O, O na O, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole. Basi tukachagua alama. Mmoja akachukua jembe, mwingine samaki, mwingine ufunguo. Yule mwanamke akachukua pete. Kila alama ilimiminwa pamoja na herufi katika kalibu moja, kipande kimoja kisichotengana. Nilijivuna nacho. Nilikuwa nikisema kwamba picha zetu haziwezi kumkana aliyezipiga.

Mwanafunzi wa pete alitoka Paya. Alikuwa ameolewa, ana watoto wawili, na kabla ya hapo alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Alikuwa hodari kuliko wale wengine watatu, nao walilijua hilo na hawakulipenda. Alilelewa kama wanawake wa huko wanavyolelewa: mkubwa akisema nawe, unapiga goti. Siku ya kwanza alipiga goti kwenye sakafu ya saruji kunisalimu. Nikamwambia asimame, kwetu goti hupigwa msikitini.

"Ndiyo, mwalimu," alisema, bado akiwa chini.

Siku ya pili akapiga tena, na ya tatu. Mwisho niliacha kumkataza. Nikiwa mkweli, niliizoea heshima ile, na baada ya kuizoea nikaipenda. Mtu anayekujibu akiwa chini hajibu zaidi ya alichoulizwa, wala hakuulizi swali la pili, na mimi nilikuwa mwalimu mwenye maswali mengi yasiyo na majibu. Ilinifaa.

Vitu viliadimika. Sabuni ilikwenda, sukari ikaifuata. Filamu zilikuja kwa maboksi, kisha kwa mafungu, kisha kwa ahadi. Haipo, ile dawa ya unga inayoifanya picha isifutike, haikuja kabisa. Nikawa napanda basi hadi Busia, navuka kwa miguu upande wa Kenya, naingia kwa mpiga picha mmoja mwenye studio karibu na soko, nanunua ile anayoitumia kwa picha za harusi. Nilirudi nayo imefungwa tumboni chini ya kanga. Miaka ile nilikuwa mja mzito mara nyingi sana. Askari mmoja wa kizuizini aliwahi kuniuliza, "Mama, wewe nazaa kila mwezi?" Nikamwambia Mungu ni mkarimu. Akacheka, akaniacha nipite. Mimi niliingiza dawa. Wengine walitoa kahawa. Kahawa ilivuka kwa baiskeli, gunia kwa gunia, kupitia njia za mashambani, na wabebaji wake walipokamatwa waliletwa kwetu wakiwa wameharibika.

Hapo nimtaje sista wa wodi ya wanaume. Alikuwa Msamia, mnene, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Wagonjwa waliofikishwa na askari walitibiwa, kisha askari waliwarudia, na baada ya hapo hatukuwaona tena. Lakini mara mojamoja kitanda kilikutwa kitupu saa saba mchana, wakati mlinzi amekwenda kula. Nyuma ya chumba cha maiti kulikuwa na shamba la mahindi, nyuma ya mahindi kulikuwa na njia, na kwenye njia kulikuwa na binamu wa mtu na baiskeli. Hatukuzungumza habari hiyo. Sista alikuwa na sharti moja tu, nililijua kwa sababu aliniambia siku moja tukipanga bandeji.

"Mutu ya kubeba naonekana," alisema. "Mutu ya kutembea ni mutu tu."

Kwa hiyo asiyeweza kutembea, sista hakumgusa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, baada ya adhuhuri. Nilikuwa ndani ya chumba cha giza nikichanganya dawa, kazi isiyoachwa nusu, maana kulikuwa na joto na dawa ya kuamsha picha ilitaka maji ya mtungini ili ipoe. Nikasikia mabuti. Kati ya chumba cha giza na chumba cha mashine kulikuwa na kidirisha kidogo cha mbao cha kupitishia kaseti. Nikakifungua ufa.

Niliona mgongo wa ofisa na mkono wake wenye saa. Sauti yake haikuwa kali. Alimwambia mwanafunzi wangu wa pete, aliyekuwa zamu, kwamba mtu huyu amepigwa risasi mgongoni kwa chini, haikutoka, daktari anataka kujua iko wapi. Anatakiwa kuwa hai. Watamrudia Ijumaa.

"Hapana andika jina," alisema. "Jina ya yeye, hapana. Jina ya wewe, hapana. Picha iko picha tu."

Wiki mbili kabla ya hapo, karani wa zahanati moja alichukuliwa kwa sababu jina lake lilikuwa chini ya karatasi iliyoeleza majeraha ya mtu. Kila mtu hospitalini alilijua hilo, na kila mtu alikuwa ameanza kuandika vibaya makusudi. Nilijua kwamba mwanafunzi wangu alikuwa ameshika pete yake mkononi. Nilijua pia kwamba wilaya nzima ilikuwa na mpiga eksirei mmoja tu mwenye alama ya pete.

Nikasema kupitia kidirishani, "Ondoa alama yako."

"Ndiyo, mwalimu."

Sikufikiri zaidi ya hapo. Pete na herufi zilikuwa kitu kimoja, nilivisubu mwenyewe. Akiondoa pete, anaondoa na upande. Na L ya mwalimu wangu, isiyo na alama ya mtu yeyote, ilikuwa imening'inia kwenye msumari, karibu na sikio langu. Ningenyoosha mkono tu, nikaipitisha kidirishani. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko nilivyomfikiria marehemu mume wangu.

Mashine ililia, ikanyamaza. Kaseti ikapita kidirishani, namba tatu. Kabla sijamaliza kuitoa filamu umeme ukakatika. Hilo halikunibabaisha, dawa hazihitaji umeme, na kuhesabu dakika gizani nilikuwa nimezoea. Nilipotoka na filamu ikidondosha maji, askari walikuwa wakimtoa yule mtu nje kwa machela kumpeleka chumba cha upasuaji. Nilimwona miguu tu. Chumba kilikuwa kimevurugika. Nilikunja shuka, nikauokota mto wa kulalia uliokuwa upande wa dirisha nikaurudisha upande wa ukuta, nikaiinua filamu kwenye mwanga.

Risasi ilionekana vizuri kabisa, imelala kwenye nyama ya tako, mbali na mfupa. Kitu cha kukata mara moja. Nikashusha pumzi. Halafu nikatafuta herufi.

Daktari aliingia wakati huohuo. Ndiye aliyekuwa amebaki peke yake kati ya madaktari watatu, na alikuwa akifanya upasuaji kwa mwanga wa dirisha kila umeme ulipokatika, yaani karibu kila siku. Alikuwa amekwisha kunawa mikono.

"Upande gani, mwalimu?"

Nikamtazama mwanafunzi wangu. Akafungua kiganja. Vilikuwemo vipande vyote viwili, L yenye pete na R yenye pete.

"Uliniambia niondoe, mwalimu," alisema, na akapiga goti kwenye sakafu yenye maji ya filamu.

Daktari alieleza haraka. Yule mtu amezimia. Risasi iliingia katikati, juu kidogo ya mkia, kwa hiyo tundu halisemi lolote. Amepigwa virungu pande zote mbili hadi amevimba. Ukimbonyeza huhisi kitu. Jua likizidi kushuka, dirisha la chumba cha upasuaji linaingia kivulini. Umeme huenda ukarudi kesho, huenda usirudi. "Niambie upande," alisema, "nimkate kidogo, atembee."

Alisema hivyo, atembee. Sote tulijua ana maana gani. Mtu aliyekatwa kidogo upande mmoja, siku ya nne anaweza kuvuka shamba la mahindi.

Picha isiyo na herufi usimpe daktari. Ikate. Nilikuwa nimewaandikia maneno hayo ubaoni, yapo hadi leo katika madaftari ya watu. Lakini kulikuwa na njia nyingine, na nilikuwa na kiburi cha kuijua. Kaseti namba tatu ilikuwa na mkwaruzo. Mwanafunzi wa jembe aliwahi kuiangusha, na tangu hapo kila picha yake ilikuwa na mstari mdogo, kama mwiba, katikati ya ukingo mmoja, ule uliopakwa namba. Na nilikuwa na kanuni: namba ielekee mlangoni. Kila mgonjwa alilala chali, kichwa ukutani, miguu dirishani, hivyo mkono wake wa kulia ulikuwa upande wa mlango. Namba ikiwa mlangoni, mwiba uko kulia kwake. Kwenye picha hii risasi ilikuwa upande usio na mwiba. Basi ni kushoto. Ilikuwa hesabu nzuri. Nilimweleza daktari, naye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Nikamgeukia mwanafunzi. "Uliweka kaseti kama nilivyokufundisha?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Namba mlangoni?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikachukua kalamu ya wino mweupe, nikaandika L kwenye filamu kwa mkono wangu. Chini yake nikaweka nukta, alama yangu mwenyewe, nikijiona jasiri. Daktari akaondoka nayo.

Alimkata kushoto. Hakuona kitu, akafikiri imezama, akakata zaidi. Akatafuta muda mrefu. Kisha akakata kulia, na hapo alichukua dakika chache. Alipotoka alikuwa amevua glavu. Alinikuta kwenye ubaraza.

"Ilikuwa kulia," alisema. Hakuwahi kulitaja tena kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Ningependa angenitukana.

Nikarudi chumbani. Mwanafunzi wangu alikuwa anapiga deki. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia nimeusoma vibaya mwiba, kosa ni langu, na asimwambie mtu kwamba alikuwamo chumbani. Alipiga goti akanishukuru.

Jumanne yule mtu alizinduka. Jumatano alikula uji. Alikuwa mbebaji wa kahawa kutoka mbele ya Masafu, mtu wa makamo, mwenye ndevu chache. Alhamisi asubuhi sista alimsimamisha. Mchana akanifuata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kuja ona," alisema.

Mlinzi alikuwa amekwenda kula. Njia ilikuwa tupu. Nadhani na baiskeli ilikuwa imekwisha kufika. Yule mtu alikuwa amesimama amejishika kwenye chuma cha kitanda. Akaanza kutembea kati ya vitanda kuelekea mlango wa nyuma. Mguu wa kulia ulimbeba. Wa kushoto aliuburuta, na kila alipoukanyaga alitoa sauti ndogo ya mshangao. Alifika kitanda cha tatu. Kulikuwa na vitanda kumi na viwili, kisha mlango, kisha shamba. Akaketi miguuni pa mgonjwa mwingine, akitoka jasho, akanitazama mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu.

"Dada," aliniambia, akiweka mkono kwenye paja la kushoto, "hii ndiyo ilikuwa muzima."

Hakulalamika. Alikuwa ananieleza tu, akidhani nitajua sababu. Nilijua. Nikamshika mkono kumrudisha kitandani kwake. Sista aligeuza uso. Hatukuweza kumbeba, kumbeba kungekuwa mwisho wa sista na binamu na njia yenyewe. Yule mtu alilielewa hilo kabla yetu. Aliomba maji.

Ijumaa saa nne walimchukua. Sikusikia habari zake tena, wala hakuna aliyewahi kuzisikia. Naandika kwa utulivu kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika, lakini siku ile nilifunga mlango wa chumba cha giza nikalia, kisha nikatoka kwa kuwa kulikuwa na foleni.

Watu wazuri wamenifariji. Hujafa hujaumbika, walisema, yaliyomwagika hayazoleki. Walisema hata angevuka huenda wangemkamata tena. Huenda. Mimi najua tu kwamba alifika kitanda cha tatu.

Jumatatu iliyofuata nilibadilisha mafunzo. Niliandika juu ya mlango wa chumba cha mashine: Katika chumba hiki hatupigi goti. Wanafunzi wa kiume walidhani ni mambo ya dini. Yule wa pete aliyasoma maneno hayo, akasimama wima mbele yangu akiwa hajui mikono aiweke wapi. Ile filamu niliifuata kwa daktari, nikafuta L yangu na nukta yangu kwa kitambaa chenye spiriti, nikaiweka darasani. Kila kundi jipya lilipofika niliinyanyua dirishani siku ya kwanza, nikauliza, "Risasi iko upande gani?" Wengine walisema kushoto, wengine kulia, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Nilingoja. Kuna kundi lililochukua asubuhi nzima. Aliyesema "Sijui, mwalimu" nilimpa chaki aandike neno hilo ubaoni, na tukaanza masomo. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, niliwaambia, na wakaliandika, maana wanafunzi huandika lolote.

Mwanafunzi wa pete hakukaa. Alifaulu mtihani, akawa wa kwanza, na mwaka uliofuata yeye na mumewe na watoto wakavuka. Niliambiwa yuko hospitali ya misheni ng'ambo, Kenya, na kwamba anafundisha. Nilifurahi. Kipande chake cha L aliniachia. R alikwenda nacho.

Tulikutana Busia, upande wa Kenya, utawala ule ukiwa bado haujaisha. Nilikuwa kwenye studio ya yule mpiga picha nikingoja haipo yangu ipimwe, naye mwanafunzi wangu akaingia kufuata picha za pasipoti za mtoto. Alikuwa amenenepa, amevaa viatu vizuri. Aliponiona alitoa sauti ya furaha, na palepale, mbele ya wateja na pazia lenye mchoro wa maua, akapiga goti.

"Simama, mwanangu," nilimwambia, nikamshika kiwiko.

Hakusimama. Akaniuliza habari za hospitali, za daktari, za sista. Akasema naye sasa ana wanafunzi sita. Kisha akatazama sakafu.

"Mwalimu, kuna kitu kimenikaa miaka hii. Ulisema ulisoma vibaya. Haukusoma vibaya. Yule mutu alilala kinyume. Wale askari walimufunga pingu kwa chuma ya dirisha, kichwa ikakuwa dirishani, miguu kwa ukuta. Mimi niliweka namba kwa mulango, kama ulinifundisha. Nilikuwa najua amelala kinyume. Nilikuwa nataka kusema. Lakini wewe uliuliza namba tu. Hukuniuliza amelala namna gani."

Mpiga picha alikuwa ameacha kupima. Ningeweza kumwambia amekwisha samehewa, na angekwenda zake akiwa mwepesi. Lilikuwa ndilo jambo alilolijia, na lilikuwa tayari kinywani mwangu. Badala yake nilisema lile ambalo sijamwambia mtu mwingine hadi nilipoanza kuandika kurasa hizi.

"Mto wa kulalia niliuona."

"Mto gani, mwalimu?"

"Ulikuwa upande wa dirisha. Niliurudisha ukutani mwenyewe, kabla ya kukuuliza. Nilijua maana yake, au nusu yangu ilijua. Lakini daktari alikuwa anangoja, na hesabu yangu ilikuwa nzuri. Nilikuuliza lile swali kwa sababu nilijua utajibu ndiyo."

Akakitoa kiwiko chake mkononi mwangu, taratibu, akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyokumbuka. Alinitazama machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote niliyomfundisha, na akaendelea kunitazama.

Akampa mpiga picha risiti yake, akachukua bahasha ya picha za mtoto. Mlangoni alisema, "Salamia watu ya Tororo." Nikamwambia nitawasalimu. Alinipa mkono akiwa wima, akaondoka, na hakupiga goti.

Nikafunga haipo tumboni, nikavuka mpaka kurudi kazini.